Papa Fundi na Pole ya Mkono Wake

Papa Fundi hakuhitaji futi ya kupimia. Ulipoingia mlangoni alikutazama mara moja kuanzia mabegani hadi kwenye nyonga, akashusha miwani, akakwambia kiuno kimeongezeka tangu Pasaka. Alisema hivyo mbele za watu. Wanawake wa kanisani kwao walikuwa wakibana tumbo kabla ya kufungua mlango, naye akiwaambia waache hizo, watakwenda kupumua barabarani nguo ipasuke. Mimi nilikaa naye chumba kimoja cha kazi miaka mingi, kwa hiyo mwili wangu ameusema kuliko daktari yeyote.

Chumba chenyewe kilikuwa Doornfontein, Johannesburg, juu ya duka la vipuri vya magari. Tulikigawa kwa pazia. Upande wa dirisha alikuwa yeye na cherehani yake, upande wa mlango nilikuwa mimi na viti vyangu vya saluni. Mimi nilishughulika na vichwa, yeye na sehemu zilizobaki. Wanafunzi wa chuo cha jirani walikuja kwangu kusuka, na wakitoka tayari alikuwa amewashawishi washone gauni la mahafali. Pazia liliwekwa ili nywele zisirukie vitambaa vyake. Maneno halikuyazuia hata kidogo, na ndivyo nilivyomjua.

Kwao ni Moba, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kwa mtu aliyesimama Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Changu nilikipata kwa mama yangu, Mluguru wa Morogoro, aliyeolewa na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni enzi za ubaguzi. Nchi ilipokombolewa baba akatuleta kwao, nami nikawa raia bila hata kuulizwa kama nataka. Papa Fundi alipenda kunichokoza kwa hilo.

"Mama Lerato, weye unasema Kiswahili ya radio," aliniambia, maana Lerato ni binti yangu. "Mutu anakusikia, anatafuta fasi ya kuzima." Fasi kwao ni mahali.

Nami nikamjibu kwamba chake ni cha kuombewa kanisani. Siku tulipogombana kweli alihamia kwenye Kifaransa, akijua sina njia ya kumfuata huko.

Alishona akiimba nyimbo za kanisa, na mguu wake ulifuata wimbo. Akiimba pambio, cherehani ilikimbia. Akiimba nyimbo za maziko, ilitambaa. Wateja waliomzoea walikuja na haraka zao, wakamwomba kwa adabu aimbe kitu cha furaha. Alijua wanachotaka, akakaza makusudi wimbo mrefu wa Ijumaa Kuu mpaka mwisho, halafu ndipo akawaonea huruma.

Suti za dukani alizichukia. "Nguo ya magazini banashonea mutu mwenye haiko," alisema. Alimaanisha kwamba huko kiwandani wanamkadiria mtu wa kufikirika, halafu wewe mwenye bega moja chini unalazimishwa kujifanya mtu huyo. Yeye alishonea bega ulilo nalo. Na hapohapo, mtu huyu aliyejali bega la kila mtu alikuwa na ulimi wa pilipili. Alimfanya bibi harusi mmoja alie juu ya kiti changu, kisha akakesha akimrekebishia gauni, na asubuhi hakukubali ashukuriwe.

Tabia yake nyingine ilikuwa ya salamu. Hakumuuliza mtu habari za kazi wala za nyumbani. Alimuuliza kile kinachomuuma. Mlinzi wa jengo alikuwa Mzulu mwenye goti bovu, na Papa Fundi, ambaye Kizulu chake kilikuwa cha kubahatisha, alijifunza kusema "Idolo linjani?", yaani goti linaendeleaje, akalisema kila asubuhi pale chini kabla ya kupanda ngazi. Mlinzi alicheka siku za mwanzo. Baadaye nikaona akimsubiri amuulize.

Lakini yeye mwenyewe hakutaka kuhurumiwa. Akiumwa malaria za zamani alisema ni uchovu. Akifiwa kwao, tulijua kutoka kwa mkewe. Hilo ndilo lililonishangaza kwa yaliyokuja baadaye, kwamba mtu aliyeikimbia pole ya kila mmoja wetu aliidai pole moja kwa miaka, bila kuchoka na bila aibu, na aliidai kwa serikali.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Waliingia vijana wawili wakisema wanataka suruali za kushona. Mimi nilikuwa na kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Mmoja alitoa kisu, mwingine akakusanya simu zetu, kisha wakaiona cherehani mpya ya umeme ambayo Papa Fundi alikuwa ameipata baada ya kuiuza ya zamani na kujinyima muda mrefu. Mimi na mteja wangu tulilala sakafuni. Yeye aliishika cherehani. Nilimsikia akisema, "Hii hapana, watoto yangu, hii hapana," kwa upole kabisa, na kisu kikapita kwenye kiganja chake cha kulia hadi kwenye kifundo. Waliiburuta hata hivyo, ikawaponyoka kwenye ngazi ikavunjika vipande. Mmoja alikamatwa pale mlangoni na yule mlinzi wa goti. Mwingine hatujamwona tena.

Madaktari walimshona, lakini vidole vitatu havikurudi. Vilibaki pale vimejikunja, vya kuangalia tu. Fundi bila mkono wa kuongoza kitambaa ni mtu anayekaa karibu na cherehani. Alipofunguliwa bendeji alikagua mshono wa daktari kwa muda mrefu, akasema, "Kazi ya haraka hii. Miye ningemurudisha afumue." Tukacheka wote, halafu mkewe akatoka nje kulia.

Tulipokuwa tukisubiri kesi ndipo alipoanza kuniuliza mwenye mahali atakuja lini. Sikumwelewa. Akanieleza ya kwao. Kiwanja cha mtu chenye nyumba na ua wake wanakiita lupango. Damu ya mtu ikimwagika ndani ya lupango, mwenye lupango anakwenda kwa aliyeumia. Haijalishi nani alikata. Aliyekata ana kesi yake peke yake. Mwenye lupango anakuja na kuku, anakaa chini kuliko aliyeumia, anasema pole, kuku anapikwa, wanakula pamoja. Mpaka hapo, hata kovu likifunga, kwao wanahesabu kwamba mtu hajapona.

"Sasa hapa Johannesburg mwenye lupango ni nani?" nikamuuliza. "Mwenye jengo?"

"Mwenye jengo anakuja kutafuta kodi tu. Minasema Leta."

Leta ndivyo wanavyoiita serikali. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua nchi yake, kwamba Leta ya hapa haiji nyumbani kwa mtu na kuku. Nikaenda kumuulizia kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mteja wangu wa miaka. Akanijibu kwamba nchi nyingine zina mfuko wa serikali wa kuwafidia waliodhurika na uhalifu, hapa umekuwa ukizungumzwa tu, haupo. Kinachowezekana ni mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe mali iliyoharibika. Mkono si mali. Kwa mkono atafungua kesi nyingine ya madai, amdai kijana yule, ambaye alikuja mahakamani amevaa viatu visivyofanana.

Nilimpelekea Papa Fundi maneno hayo kama nilivyoyapokea. Alisikiliza akishikilia mkono mbaya kwa mkono mzima.

"Iko na mukate ya kumulisha mwizi kule jela," akasema. "Ya mwenye alikatwa haiko?"

"Papa, serikali haikukukata."

"Njo minakuambia," akasema, na njo yao ni ndiyo yetu. "Mwenye lupango hakukata mutu. Anakuja kwa sababu fasi ni yake."

Na asije mtu akadhani alikuwa mjinga wa kutosheka na kuku. Alijua kuku harudishi vidole. Kwa hesabu yake Leta ingekuja na kuku mkubwa sana, wa kumfaa mtu aliyeondolewa kazini na kisu. Lakini ije, ikae, iseme. Fedha iliyotumwa bila mtu wa kuileta aliiita malipo ya mbwa aliyegongwa na gari.

Siku ya hukumu nilifunga saluni nikaenda naye. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Mkalimani alikuwa kijana wa Kenya mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mwendesha mashtaka alimweleza hakimu kwamba mlalamikaji anaweza kuomba alipwe cherehani, na hakimu akamuuliza Papa Fundi kama anaomba hivyo. Alisimama. Alifunga kifungo cha koti kwa mkono wa kushoto, taratibu, na mahakama nzima ikamsubiri.

"Apana, mama hakimu," akasema. "Mukinilipa mashini, mutaandika kwamba mwenye aliumizwa ni mashini."

Mkalimani akatafsiri. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Ya mkono, minaomba weye ukuje kwangu, mutaa ya La Rochelle. Samedi, asubui. Mama iko pale, atapika."

Yule kijana wa Kenya alimgeukia akamnong'oneza, "Mzee, unataka niseme hivyo hivyo?" Papa Fundi akamwambia ndiyo, aseme vile vile na asiache siku, Jumamosi. Akasema. Watu wa viti vya nyuma wakacheka, na mimi nikatamani niwageukie niwasuke kwa kuwavuta nywele. Hakimu hakucheka. Alisema sheria haimpi ruhusa ya jambo kama hilo. Papa Fundi akauliza kwani sheria inakataza watu kula. Hakimu akainamisha kichwa kidogo, akasema anasikitika kwa yaliyompata, kisha akaendelea na hukumu. Kijana alifungwa. Cherehani haikulipwa, kwa kuwa mwenyewe aliikataa.

Ngazi za mahakama nilizishuka nikiwa nimekasirika. Nilimuuliza kwa nini hakuhesabu pole ile, maana hakimu ni Leta kabisa, na pole ameisema.

"Alisema akiwa kule juu," akanijibu.

Mkewe hakuzungumza naye juma zima. Mama Fundi ni mwanamke mpole, lakini alikuwa na watoto wa kulisha, na kukataa cherehani kwa ajili ya heshima aliona ni anasa. Nilimuunga mkono. Kanisa likawapa cherehani nyingine ya mguu, kuukuu, na Mama Fundi ndiye akaikalia. Alikuwa amemtazama mumewe akishona tangu ujana, mikono yake ikajua bila kufundishwa. Papa Fundi alikaa pembeni akitoa amri, "kiloko ku kushoto, kiloko tena," yaani kidogo kushoto, kidogo tena, na mkewe alikata kona mwenyewe kabla amri haijafika. Katika mwaka mmoja Mama Fundi alishona vingi kuliko mumewe alivyopata kushona. Hilo mume hakulikiri hata siku moja. Wateja walipomsifu mkewe, alisema mashini imezoea miguu ya familia.

Mchungaji wao alikuja mpaka Doornfontein kumsihi asamehe. Niliwasikia kupitia pazia.

"Yule mutoto nilimusamehe zamani," Papa Fundi alisema. "Ata jela nilimutumia suruali, Mama njo aliishona. Na yeye sina neno. Niko na neno na mwenye lupango."

"Serikali ni kitu kikubwa, papa. Haina mtu mmoja."

"Iko na batu mingi. Mumoja angekuja."

Kwa hiyo aliendelea kuuliza. Kila alipokwenda kuongeza muda wa karatasi zake za ukimbizi, akifika dirishani, alimwambia karani jambo lake, akaonyesha mkono, akauliza nani atakuja. Makarani walidhani anaomba msaada wa chakula. Aliuliza kituo cha polisi. Aliwauliza watu wa uchaguzi waliopita mtaani na fulana zao za chama, wakampa fulana. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayemkumbusha rafiki jambo lililompitia, na mimi niliyekuwa nikisimama pembeni ndiye niliyeona haya. Nilimwambia siku moja aache kujidhalilisha. Akanitazama, akaniambia nywele zangu mbele zimeanza kukatika, nipunguze dawa.

Baadaye kifua kilimsumbua akashindwa na ngazi, wakahamishia kazi La Rochelle, kwenye chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Mimi nikaondoa pazia. Nilimtembelea mara za mwanzo, halafu nikawa mtu wa kupiga simu sikukuu, halafu na simu zikapungua. Maisha ya hapa yanakula Jumamosi zote. Nilimpenda na sikwenda kumwona, na yote mawili ni kweli.

Mwaka huu, baridi ilipokuwa inaisha, yakanipata na mimi. Nilikuwa natoka dukani, barabara kubwa ya Kensington, mchana kweupe, nimebakiza nyumba chache nifike kwangu. Wakaniangusha. Nilihisi bastola shingoni, baridi yake. Wakachukua mkoba wakaondoka wakitembea tu. Sikupata hata mkwaruzo wa maana. Polisi waliniuliza aina ya simu. Majirani waliniambia nishukuru Mungu hawakupiga risasi, na nilishukuru kweli, ila tangu siku hiyo sikuweza kuvuka mlango. Mkono wangu ulifika kwenye kitasa ukakataa. Lerato akawa anafungua saluni, na watu wakiuliza anasema mama ana mafua.

Asubuhi moja kengele ya geti ikalia. Nikachungulia dirishani. Alikuwa Papa Fundi, amevaa suti, amepungua sana ndani yake ingawa ilikuwa imemkaa vizuri, kumbe Mama Fundi ameifinya. Kwapani alikuwa na boksi lenye matundu. Lerato alikuwa hajaondoka, ndiye aliyemfungulia, kisha akakimbilia kazini.

Nilimkaribisha kwenye sofa. Akakataa. Akaenda bafuni bila kuuliza, akarudi na kile kigoda cha plastiki tunachokalia kufulia, akakiweka mbele yangu, akakaa magoti yakimgusa kifua. Boksi likajitikisa, ndani kuku akalalamika.

"Papa Fundi, inuka hapo. Wewe ni mzee. Mimi nitakaaje juu yako?"

"Kaa," akasema. "Lerato alimuambia Mama ku telefone. Balikuweka bunduki apa." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Inakuuma wapi?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilimwambia siumwi popote, ila mlango siwezi kuutoka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo.

"Leta haikukuja kwangu. Kwako pia haitakuja, sasa minaijua. Njo nimekuja miye." Akainamisha kichwa. "Pole, Mama Lerato. Fasi hii ilikuumiza."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia, na nikiwa nalia huwa nakuwa mkali. Nikamwambia, "Lakini Papa, wewe siyo mwenye lupango. Wewe mpaka leo unapanga foleni ya karatasi. Mwenye nchi hapa ni mimi."

Akamtuliza kuku kwa kiatu. Hakuwa amenitegea neno, namjua, mitego hajui kutega. Mimi ndiye niliyesikia nilichosema. Miaka yote ile nyuma ya pazia niliitaja Leta kama mtu mwingine anayekaa mbali, Pretoria huko, nami nikawa mleta habari wa kwamba haitakuja. Baba yangu alikaa uhamishoni kwa ajili ya nchi hii. Mimi ninaipigia kura. Mkono wa Papa Fundi ulikatwa hatua chache kutoka nilipokuwa nimelala, katika chumba nilichokilipia kodi, katika nchi yangu.

Nikashuka kwenye sofa, nikakaa kwenye zulia, chini ya kigoda chake. Nikaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mwepesi.

"Papa Fundi," nikasema, "nchi hii ni ya baba yangu, na ni yangu. Ulikatwa kwetu. Pole."

Akavua miwani kwa mkono wa kushoto, akatafuta wa kuifutia, na wa kuifutia nilikuwa nimeushika, basi akaiacha magotini.

"Nimesikia," akasema. Kisha tena, polepole, "Nimesikia, mama."

Kuku hachinjwi sebuleni. Nilichukua kisu jikoni, nikafungua mlango wa nyuma, na tayari nilikuwa uani, jua machoni, ndipo nilipokumbuka kwamba natakiwa kuogopa. Niliogopa, lakini yeye alikuwa ameshamkandamiza kuku kwa mkono wa kushoto na kiatu, ananiambia nifanye haraka anateseka. Nikachinja. Nilichelewesha kisu, akanisema, akauliza msusi gani mwenye mikono mizito hivyo.

Nilisonga ugali mgumu, nikatenga chini. Tangu akatwe nilimzoea akila kwa kijiko, mkono wa kushoto, hata kanisani kwenye sherehe, na hakuna aliyethubutu kulisema. Nilimpa kijiko. Akakisogeza kando. Akanawa mkono wa kulia, akaupeleka kwenye sahani na vile vidole viwili vilivyobaki hai, akamega. Tonge lilimdondoka. Nilianza kunyoosha mkono nimsaidie, nikaurudisha. Akaliokota, akalichovya kwenye mchuzi, akala.